Mwaka Niliokataa Kumwangalia Josphat

Mwezi uliopita wanaume kumi na wanane walikutana Molo, nyumbani kwa mdogo wangu Josphat, ili kukumbuka siku walipokuwa wachezaji wa mpira. Ukiwatazama kwa vitambi vyao ungedhani ni mkutano wa wenye mabucha. Wengi wao wanaishi Nakuru na wamesahau baridi ya Molo, kwa hivyo walikuja na mashati ya mikono mifupi, na kufikia saa tano asubuhi walikuwa wamejibana kuzunguka moto wa nyama kama kuku walionyeshewa. Mimi nilifika mapema kusaidia kumenya viazi. Sikuwa nimemaliza hata ndoo ya kwanza wakati aliyekuwa golikipa wao, ambaye siku hizi ni naibu wa mwalimu mkuu, alipopiga makofi kuwanyamazisha wenzake. “Jamaa, refa yuko hapa. Kabla hatujaomba na kabla hatujakula, aseme. Lile lilikuwa bao ama halikuwa bao?” “Bao!” wakaitikia kwa pamoja, kama watu walio kanisani. “Halikuwa,” nikasema, nikachukua kiazi kingine.

Nimeulizwa swali hilo kwa miaka ishirini na mmoja. Nimeulizwa harusini, nimeulizwa kwenye foleni ya benki, na mara moja niliulizwa na muuguzi wa kiume aliyekuwa akinitafuta mshipa mkononi, ambaye kumbe alisoma chuo kimoja na Josphat. Yeye nilimwambia amalize kwanza na sindano ndipo nimjibu. Jibu langu halijabadilika. Lakini mwezi uliopita, kabla nyama haijaisha, niliambiwa jambo ambalo sikuwa nikilijua, na ndilo lililonifanya nikae chini kuandika habari za mwaka ule.

Habari za wazazi wangu sitaziandika. Walikuwepo, kisha hawakuwepo, nami nikafunga vitabu nikiwa kidato cha pili. Katika mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na tuliishi watatu, mimi, Josphat na dada yetu mdogo Nancy, katika kijumba cha nyuma cha nyumba moja kule Nakuru, mtaa wa Section 58. Kijumba kile kilijengwa kwa ajili ya mfanyakazi mmoja wa nyumbani, tena mfupi. Josphat alipolala, miguu yake ilipita chini ya meza ikatokea upande wa jiko, na asubuhi nilichemsha chai nikiwa nimesimama katikati ya nyayo zake. Pazia lilitugawa. Upande mmoja kilikuwa kitanda changu na Nancy, na upande wa pili alikuwa Josphat, meza, sufuria, na mpira wake, ambao ulikuwa na mahali pake pa kudumu kuliko mgeni yeyote aliyewahi kututembelea. Nilikuwa na desturi moja ambayo waliicheka sana. Sikupakua chakula kabla ya kuhesabu watu. Moja, mbili, tatu. “Siz,” Josphat aliniuliza siku moja, “hapa ndani hata nikitaka kupotea nitapotelea wapi?” Nancy akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Nami nilicheka, lakini niliendelea kuhesabu. Mtu aliyezoea kuhesabu watano kisha akabaki na watatu hawezi kuacha desturi hiyo kwa sababu ya mzaha.

Kazi yangu ilikuwa katika jiko la chuo alichosoma Josphat, chuo cha ufundi ambacho sitakitaja jina kwa sababu wengi waliosoma hapo bado wananidai bao. Nilikaa kwenye dirisha la kupakulia. Kila mwanafunzi alikuwa na kadi ya chakula ya rangi ya njano, yenye jina lake, siku za wiki na chakula cha kila siku, kama githeri ya mahindi na maharagwe, nami nilitia alama kwenye siku husika kisha nikampakulia. Mtu mmoja, kadi moja, sahani moja. Siku za Ijumaa kulikuwa na nyama, na siku za Ijumaa wanafunzi walipata akili ambazo hawakuwa nazo darasani. Ijumaa moja mwanzoni mwa mwaka alinijia kijana aliyevaa kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye macho na koti la mtu mnene kumliko, akanyoosha kadi ya mwenzake bila kusema neno. Sikuwa na haja ya kuona uso. Mkono ule niliutoa miiba tangu ukiwa mdogo. “Umeshapita,” nikamwambia. Akainama dirishani. “Siz, watu wanaangalia.” “Ndiyo maana. Toka, anayefuata aingie.” Bwalo zima likapiga meza kwa vijiko. Josphat akaondoka na kofia yake, na jioni hakuniambia asante kwa ugali.

Kumbe siku ile kulikuwa na mgeni bwaloni. Mwalimu Barasa alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, mwenye koti la mvua hata jua likiwaka, na kazi yake ilikuwa kuwafunza na kuwapima marefa wa ligi ya vyuo. Alikuja dirishani akiwa bado anatafuna. “Mama, yule uliyemfukuza ni nani yako?” Nikamwambia ni ndugu yangu wa tumbo moja. Akatoa daftari mfukoni, akaandika kitu, akalirudisha. “Unaweza kukimbia?” Kabla sijajibu, Mama Chebet, mpishi wetu mkuu, ambaye hakuwahi kuruhusu mazungumzo yapite jikoni bila yeye, akajibu akiwa ameshika mwiko. “Huyu? Hukimbia kutoka Section 58 kila asubuhi, mwalimu, na bado huchelewa.”

Ndivyo nilivyoingia kwenye mafunzo ya urefa. Ligi ilitaka kila chuo kitoe mtu wake, mwanafunzi au mfanyakazi, na katika chuo chetu walimu wote waliojaribu mtihani wa kukimbia walikuwa wameishia kwenye nyasi wakitafuta pumzi. Mimi sikuvutiwa na mpira. Nilivutiwa na cheti. Wakati huo karatasi zenye jina langu na muhuri zilikuwa tatu tu, kitambulisho changu na vyeti viwili vya vifo nilivyotia sahihi mimi kama mtoa habari. Mwalimu Barasa alipoinua cheti cha mfano, chenye mstari mtupu mahali pa jina, nilikiangalia kama wengine walivyoangalia nyama ya Ijumaa. Ili kukipata ulipaswa kufaulu mtihani wa kuandika, mtihani wa kukimbia, na mechi tatu ambazo yeye mwenyewe angekaa kando akikupima. “Kosa la macho nitakusamehe,” alituambia siku ya kwanza. “Kila mtu ana macho mawili na wachezaji ni ishirini na wawili. Kosa la utaratibu sikusamehe. Utaratibu hauna kona wala jua la machoni.”

Tulisomea katika karakana ya useremala, tukikalia viti ambavyo wanafunzi walikuwa hawajavimaliza, na kiti changu kilikuwa na miguu mitatu. Nilijifunza kwamba refa hufika saa moja kabla ya mechi, hukagua nyavu na chaki, hupapasa soli za njumu kwa kidole, na huvua watu pete. Hubeba saa mbili, kalamu mbili na sarafu moja. Hali chakula cha timu yoyote kabla ya mechi, jambo lililokuwa gumu kwangu kwa sababu chakula cha timu moja nilikipika mimi. Mchezaji anapobadilishwa, anayetoka atoke kwanza kabisa, mguu wa mwisho uvuke mstari, ndipo refa amwite anayeingia. Na bao likifungwa, wakati watu wanacheza na kukumbatiana, refa huandika namba ya mfungaji na kuhesabu wachezaji, kwa sababu akishapuliza kipenga mpira uanze tena katikati, bao limekuwa bao hata kama lilifungwa na kanisa zima. Wenzangu walihangaika sana na habari ya kuotea. Mimi niliielewa mara moja. Ni yule mtu anayesimama mbele ya dirisha la chakula kabla sufuria haijafika. Mwalimu Barasa aliposikia maelezo hayo akayaandika kwenye daftari.

Mechi yangu ya kwanza ya kupimwa ilinipa jina. Kijana mmoja alimvuta mwenzake jezi mpaka ikapasuka, nami nikapuliza, nikamwita, nikasimama wima kama nilivyofundishwa, nikaingiza mkono mfukoni na kuinua kadi ya njano juu kabisa. Yule kijana akaitazama. Akasogea karibu, akasoma. “Refa, hii imeandikwa Jumanne, githeri.” Nilikuwa nimekuja mbio kutoka dirishani, na kadi ya mwanafunzi fulani aliyeisahau ilikuwa kwenye mfuko ule ule. Wachezaji wakakaa chini kwa kicheko, watazamaji wakaanza kuniita Mama Githeri, na tangu siku hiyo hakuna mechi niliyochezesha bila sauti fulani kutoka nyuma ya goli. “Mama Githeri, sufuria inaungua!” “Mama Githeri, ongeza mchuzi dakika mbili!” Mwalimu Barasa alininyima alama kwa kadi ile lakini akaniacha nipite. Alisema kosa la mfuko halikuwa kwenye orodha yake. Mechi ya pili niliimaliza bila aibu. Ikabaki moja.

Hiyo moja haikupaswa kuwa fainali. Timu yetu, yenye Josphat akiwa namba saba, ilikuwa imefika fainali dhidi ya chuo cha kilimo kutoka upande wa Subukia, na mimi nilipangiwa kushika kibendera tu. Asubuhi ile tulikunywa chai na viazi vitamu, Josphat akiwa tayari amevaa soksi za mpira, na nikaona ni vizuri tuelewane. “Leo sikujui,” nikamwambia. “Nikiwa kule sitakuangalia. Hata ukivunjika mguu, sitakuangalia.” “Sasa nikivunjika mguu nani atanibeba?” “Wenye machela.” Nancy akatusihi tusizungumze habari za miguu kuvunjika wakati watu wanakula. Niliona nimesema neno la haki kabisa. Watu walikuwa wameanza kunong’ona kwamba kadi za Mama Githeri zitaijua familia yake, nami sikutaka mtu hata mmoja aseme aliniona nikitabasamu kuelekea upande wa namba saba.

Saa sita refa aliyepangwa akapiga simu. Lori la viazi lilikuwa limelala katikati ya barabara ya Molo, na yeye alikuwa nyuma yake, akiwatazama watu wakijaza viazi kwenye mikoba. Mwalimu Barasa akafunga simu, akanitazama. “Una mechi moja imebaki. Ni hii.” Nikamwambia ndugu yangu anacheza. Akatoa fomu. Kulikuwa na fomu kwa jambo hilo pia. Refa aliye na jamaa uwanjani hutamka hivyo kwa maandishi, na manahodha wote wawili wakikubali hutia sahihi. Nahodha wetu alitia sahihi akicheka. Nahodha wa Subukia, jamaa mrefu aliyeitwa Kiptoo, hakuishika kalamu. “Ngoja kwanza. Huyu ndiye alimnyima brother yake nyama?” “Ndiye,” wakamjibu watu watatu. “Mbele ya bwalo?” “Mbele ya bwalo.” “Leta kalamu,” akasema.

Nilichezesha vizuri mechi ile, nalisema bila haya, kwa dakika zaidi ya sabini. Subukia walifunga, sisi tukasawazisha. Nilikimbia na mpira, nilipuliza pale palipohitajika, na nilitunza ahadi yangu. Popote alipokuwa namba saba, macho yangu yalipita juu yake kama mtu anayepita mbele ya nyumba anakodaiwa. Nilijua yupo kwa sauti tu. Mpira ulipokuwa kwake niliangalia miguu ya mpinzani wake. Katikati ya kipindi cha pili kocha wetu akaomba kubadilisha mchezaji. Pembeni kibao kikainuliwa, kipande cha mbao kilichoandikwa kwa chaki: saba nje, kumi na tano ndani. Nikafungua daftari, nikakata saba kwa mstari, nikaandika kumi na tano. Mshika kibendera alikuwa amechuchumaa akikagua njumu za anayeingia, kama nilivyomwagiza. Na mimi, kwa kuwa Josphat ndiye aliyekuwa akitoka, na kwa kuwa sikutaka kuonekana nikimsindikiza kwa macho, niligeuka nikaangalia goli la Subukia, nikahesabu muda wa kutosha mtu kutembea, kisha nikainua mkono kumruhusu namba kumi na tano aingie. Mchezo ukaendelea.

Dakika chache baadaye kona ilipigwa, watu wakaruka, na mpira ukaingia wavuni kwa kishindo. Uwanja ulipasuka. Mama Chebet aliingia ndani ya mstari akiwa na mwiko, nami sijui hadi leo kwa nini alikuja na mwiko kwenye fainali. Nikatoa daftari kuandika mfungaji. Hapo hakuna njia ya kukwepa, lazima umwangalie mtu mgongoni usome namba, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwangalia ndugu yangu. Alikuwa amebebwa juu juu. Saba. Nikashusha kalamu kuandika saba, na kalamu ikakuta saba imekwisha kukatwa kwa mstari, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nilihesabu. Golikipa, mmoja. Mabeki wanne, watano. Niliendelea kama ninavyohesabu mezani, kwa kidole kidogo kilichofichwa pembeni ya kaptula, nikafika kumi na mbili. Nikahesabu tena kuanzia mbele kwenda nyuma, nikitumaini, na nikafika kumi na mbili. Subukia walikuwa wameshauweka mpira katikati. Kiptoo mwenyewe alikuwa amesimama juu yake akiwa ameinamisha kichwa, akisubiri kipenga, na kipenga kilikuwa mdomoni mwangu. Hakuna aliyejua. Nikipuliza, bao ni bao kwa mujibu wa sheria, kosa langu linafukiwa pale pale, cheti kinaandikwa jina langu, na Josphat analala bingwa chini ya meza yetu. Nikisema, nitakuwa nimemwambia mpimaji wangu kwa mdomo wangu kwamba nilimwingiza mtu kabla mwingine hajatoka, na kosa la utaratibu hasamehi. Nilimtafuta Mwalimu Barasa kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, na koti lake la mvua, akiangalia juu kana kwamba anapima mawingu. Nikaondoa kipenga mdomoni. Ningependa kusema niliwaza mambo makubwa. Kwa kweli nilichowaza ni kwamba jioni nitahesabu watu watatu mezani, na sitaweza kuiamini hesabu yangu.

Nikawaita manahodha, nikawaambia bao halipo, kwa sababu lilifungwa na watu kumi na wawili, na kwamba mpira wa adhabu ni wa Subukia. Kisha nikaenda kwa Josphat. “Namba saba, ulitolewa.” “Mimi? Sikuona kibao, refa. Walai sikuona.” “Toka.” “Siz, hebu...” “Hapa hakuna siz. Toka uwanjani.” Akasimama pale pale, mikono kiunoni. Nikainua kadi ya njano. Akaitazama, na hata katika hasira ile hakuweza kujizuia. “Hiyo ni ya githeri ama ni ya mpira?” Nilijikuta nikiishusha kidogo na kuikagua kabla ya kuiinua tena. Ilikuwa ya mpira. Akatoka taratibu, nami safari hii nilimwangalia hatua kwa hatua, mpaka mguu wa mwisho ukavuka mstari. Mechi iliisha sare, tukaenda penalti, na kombe likapanda gari kwenda Subukia pamoja na magunia mawili ya mahindi ambayo mashabiki wao walikuja nayo kwa sababu ambazo hakuna aliyezielewa.

Jumatatu nilifungua dirisha la chakula kama kawaida. Foleni ilikuwa imenyooka na kimya, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mwanafunzi wa kwanza akafika mbele yangu, akasimama wima, akaingiza mkono mfukoni, akainua kadi yake ya chakula juu ya kichwa kwa mkono ulionyooka, akanikazia macho. Ya njano. Nikaichukua, nikatia alama, nikampakulia. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Walifanya hivyo wote, mpaka wa mwisho, zaidi ya wanafunzi mia mbili, bila neno, na Mama Chebet nyuma yangu alikuwa amejifunika uso kwa aproni akitetemeka kwa kicheko. “Umepewa kadi nyingi kuliko mchezaji yeyote duniani,” aliniambia tulipofunga. Josphat hakuja bwaloni. Nyumbani alizungumza nami kupitia Nancy. “Nancy, mwambie refa apitishe chumvi.” “Nancy, mwambie mchezaji wa kumi na mbili chumvi iko mbele yake.” Siku ya tatu Nancy aliweka kijiko chini. “Mimi si mshika kibendera wa mtu,” akasema, akaichukua chumvi na kwenda nayo nje. Tukala chakula bila ladha, sisi wawili, na Josphat ndiye aliyecheka kwanza.

Ripoti niliiandika siku ile ile ya mechi, nimekaa juu ya kreti jikoni, kwa sababu ndivyo sheria inavyotaka. Huandikwa siku ile ile, hutiwa sahihi, na ikishatiwa sahihi haiongezwi neno. Sikuwa nimeandika kitu kirefu tangu kidato cha pili. Kwenye nafasi ya maelezo niliandika hivi: “Kosa ni langu. Nilimruhusu namba kumi na tano aingie kabla namba saba hajatoka, kwa sababu nilikuwa nimekataa kumwangalia.” Wiki iliyofuata Mwalimu Barasa alikuja, akaomba chai, akafungua daftari lake na kuligeuza nisome. Kwa mwandiko wake mdogo, kwenye dakika ile ya kubadilisha mchezaji, alikuwa ameandika: wako kumi na wawili, refa hajaona. “Uliona, mwalimu? Mbona hukusema?” “Mpimaji hazungumzi na refa mechi ikiendelea.” “Na kama ningepuliza?” “Ningefunga daftari niende zangu, wala usingeniona tena.” Nikatabasamu. “Basi nimepita?” Akakoroga chai yake kwa muda mrefu. “Umeanguka,” akasema. “Anayetoka hutoka kwanza. Ulimwogopa ndugu yako, Dorcas. Wachezaji walikuwa ishirini na wawili, wewe ulikuwa unaangalia ishirini na mmoja. Utarudia muhula ujao.” Nilifungua mdomo kubisha, nikakumbuka kuwa nimewatolea watu kadi kwa jambo hilo hilo, nikaufunga.

Nilirudia. Mechi ile ilichezwa kwenye mvua kati ya timu mbili zilizokuwa hazina tena cha kushindania, na mtazamaji alikuwa Mama Chebet peke yake, chini ya karai alilolifanya mwavuli. Nilibadilisha wachezaji watano, na kila mmoja nilimtoa kwa macho kama mtu anayesindikiza wageni mpaka barabarani. Kabla ya mwaka kwisha nilipata karatasi ya nne yenye jina langu. Josphat ndiye aliyeigongomea ukutani, juu ya jiko, ikageuka rangi ya chai kwa moshi. Nimechezesha mechi za vyuo kwa miaka mingi tangu wakati huo, na karatasi ile bado ninayo, pamoja na nakala ya ile ripoti.

Basi mwezi uliopita kule Molo, baada ya maombi, Josphat alisimama kuwakaribisha wageni. Ana kitambi chake mwenyewe sasa, na karakana ya umeme, na watoto wanaoniita shangazi. Kiptoo naye alikuwepo, amekuja kutoka Subukia na debe la maziwa, maana uadui wao ulikwisha siku walipogundua wameoa katika familia moja. Josphat alianza na mizaha, kisha akakohoa. “Mimi niliona kibao,” akasema. Watu wakaendelea kucheka, wakidhani bado anatania. “Nawaambia niliona. Niliona saba, nikaona siz amenipa mgongo. Asubuhi aliniambia hataniangalia hata nikivunjika mguu, na mimi namjua, huyu akisema amesema. Nikajua katika uwanja huu wote ni mimi tu sina refa. Nikabaki. Akaanguka mtihani kwa sababu yangu, na mimi nikanyamaza miaka ishirini na mmoja.” Golikipa akavua miwani yake. Kiptoo akasema polepole, “Mungu wangu, na mimi nilitia sahihi.” Josphat akanigeukia. “Ile ripoti unayo. Nilete kalamu uandike ukweli?”

Nilikuwa nimeshika kisu cha nyama. Nilimwangalia, na sitasema sikuumia. Lakini nilikuwa nimeisoma ripoti ile mara nyingi, na hapakuwa na neno la kubadilisha. Aliona kibao au hakukiona, mkono ulioinuliwa ulikuwa wangu na mgongo ulikuwa wangu. “Ripoti imeshatiwa sahihi,” nikamwambia. “Haiongezwi neno. Keti, nyama inapoa.” Wakapumua, wakaanza kelele upya, golikipa akidai kwamba kama mfungaji amekiri basi bao lirudishwe, jambo ambalo halina maana hata kidogo.

Wakapanga foleni. Nilikuwa mkubwa wao wote kwa hiyo nilipakua mimi, mtu mmoja, sahani moja. Walikuwa kumi na wanane, na Kiptoo wa kumi na tisa. Nilipohesabu ishirini, nilikuta sahani tupu imenyooshwa mbele yangu na mtu aliyevaa kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye macho. “Umeshapita,” nikamwambia. Akainama. “Siz, hata leo? Mbuzi ni wangu.” “Toka.” Akatoka, polepole, akiburuta miguu ili watu wamwone. Nyuma yake alikuwa Nancy, niliyekuja naye asubuhi, na sahani yake, lakini sikumwita bado. Nilisimama na kisu changu nikimwangalia Josphat hatua kwa hatua, mpaka mguu wa mwisho ukavuka mahali nyasi zinapoishia, ndipo nikainua mkono Nancy apite.